Banda Zuri, Daraja Liko Wapi?

Picha ya kwanza ya daraja lenye paa niliyowahi kupiga nilimtumia mjomba wangu aliyeko Tanga. Ni fundi seremala, mtu aliyepaua nusu ya nyumba za mtaani kwake, na nilitaka aone watu wa huku Marekani walivyoufanyia mti kazi. Picha yenyewe niliipenda mno: daraja jekundu, miti ya pembeni imegeuka manjano na rangi ya machungwa, mto umetulia chini yake. Jibu lilikuja kwa sauti, na nyuma yake kelele za randa.

"Mjomba, picha nimeiona. Banda zuri. Sasa daraja liko wapi?"

Nilicheka, nikadhani mzee hajaelewa. Baadaye ndipo nikajua kwamba asiyeelewa nilikuwa mimi. Nilichokipiga ni mbao za kufunikia tu. Daraja lenyewe lilikuwa ndani, limefichwa, na halikufichwa kwa bahati mbaya.

Ninapoishi ni New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, na huku madaraja haya ndiyo sura ya kalenda na kadi za salamu. Vermont peke yake, jimbo dogo hata kuliko mkoa wa Tanga, lina takriban mia moja. Pennsylvania ndilo linaloongoza, karibu mia mbili. Indiana, wilaya moja inayoitwa Parke inayo 31. Karne ya 19 Marekani nzima ilikuwa na zaidi ya elfu kumi; yaliyobaki leo hayafiki elfu moja. Kila msimu wa majani kugeuka rangi, kuanzia mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba, watu wenye kamera hujipanga mbele ya midomo ya madaraja hayo kama wanaosubiri bibi harusi atoke, na karibu wote wanaondoka na picha ile ile niliyompelekea mjomba.

Waulize kwa nini daraja likajengewa paa. Wengi watakwambia theluji. Ni jibu linaloingia akilini hadi ukumbuke watu wa zamani walisafiri vipi wakati wa baridi. Walipanda sleji, gari lisilo na magurudumu, linaloteleza juu ya theluji kwa vyuma vya chini. Sleji haitelezi kwenye mbao kavu. Kwa hiyo vijiji vya New England vililipa watu wazoe theluji nje kwa sepetu, waiingize ndani ya daraja na kuitandaza sakafuni ili sleji zipite. Paa linazuia theluji isiingie, kisha mtu analipwa kuiingiza! Kama theluji ndiyo iliyokuwa shida, daraja la wazi lingekuwa na nafuu.

Wengine watakwambia farasi: kwamba mnyama akiona maji yanakimbia chini yake hushtuka, lakini daraja likifanana na zizi huingia kwa utulivu. Huenda farasi walipenda kweli, ila hakuna halmashauri ya kijiji itakayonunua mbao za kuta na paa zima ili kumliwaza farasi, hasa ukizingatia kwamba farasi hao hao walivuka madaraja ya wazi kila siku. Kisha kuna kisa cha wapenzi. Ndani mna giza, gari la farasi linatembea polepole, basi vijana wakayaita madaraja ya kubusiana. Hilo ni matumizi, siyo sababu. Na wale wanaosema paa ni la kumkinga msafiri na mvua wajiulize mbona barabara yenyewe, maili kumi kabla na kumi baada ya mto, haina paa.

Jibu lenyewe ni la kiseremala, na mjomba alilijua kabla sijamweleza. Mto una upana wa mita thelathini au arobaini. Hakuna boriti utakayoilaza ng'ambo hadi ng'ambo ikabeba gari lililojaa nafaka bila kupinda na kuvunjika. Mafundi wakachukua wazo la kenchi, ile ile inayobeba bati la nyumba, mbao zilizofungwa kwa pembetatu ili zisaidiane. Wakaikuza ikapita kimo cha mtu mara mbili na zaidi, wakasimamisha moja kila upande wa njia, na sakafu wakailaza katikati. Uzito wa gari unashuka sakafuni, unapokelewa na boriti za chini, unapanda na kuteremka kwenye mihimili ya mshazari, unahamishwa kutoka mti hadi mti mpaka ufike kwenye kuta za mawe kingoni. Kenchi hizo mbili za ubavuni ndizo daraja. Mbao za kuta na paa unaweza kuzibomoa kesho na magari yakaendelea kupita.

Sasa angalia mahali mti unapokutana na mti. Kwenye kenchi ya daraja kuna maungio mengi, na kwa kawaida ungio ni ulimi uliochongwa ukaingizwa kwenye tundu, ukapigiliwa kigingi cha mwaloni. Mti hauogopi maji yanayopita yakaenda zake. Unaogopa maji yanayokaa. Mvua ikiupiga mhimili inateremka hadi kwenye ungio, inaingia kati ya ulimi na tundu, na humo haliingii jua wala upepo wa kuikausha. Ncha ya mti iliyokatwa nayo hunyonya maji kama mrija. Kuvu wanaoozesha mbao hawana kazi kwenye mti ambao unyevu wake haufiki asilimia 20, lakini ndani ya ungio lililolowa wanapata maskani. Nje mti unaonekana mzima, unaugonga unalia vizuri, kumbe ulimi umekuwa unga. Kwenye nchi za baridi maji hayo pia huganda, yanatanuka, na ufa wa leo unakuwa mlango wa mvua ya mwakani.

Hiyo ndiyo hesabu iliyofanywa Philadelphia mwaka 1805. Timothy Palmer, fundi kutoka Massachusetts, alikuwa amejenga daraja la mbao juu ya mto Schuylkill, likapewa jina la Daraja la Kudumu. Jaji Richard Peters, aliyeongoza kampuni iliyolimiliki, ndiye aliyesimamia wazo la kulifunika. Palmer aliliunga mkono: kwa kukadiria kwake, daraja la wazi lingedumu miaka kumi au kumi na miwili, na lililofunikwa vizuri lingefika thelathini, pengine arobaini. Ndilo daraja la kwanza linalojulikana Marekani kuwekewa paa na kuta, na lilisimama hadi katikati ya karne ile. Kama Palmer alikosea, alikosea kwa kukadiria kidogo, kwani yapo madaraja ya namna hiyo yaliyovuka miaka 150 na bado yanabeba magari.

Ushahidi ninaoupenda zaidi, hata hivyo, unatoka Iowa, wilaya ya Madison, kwa sababu hauna mapambo ya uhandisi. Viongozi wa wilaya waliagiza madaraja yafunikwe kwa kuwa mbao nene za chini zilikuwa ghali kuzibadilisha kuliko mbao nyembamba za ukuta na paa. Basi. Mbao za bei rahisi zinatolewa kafara ili za bei ghali zipone. Paa likichakaa unaezeka upya, ukuta ukipauka unapigilia ubao mwingine, na kenchi inabaki kavu.

Hata Hartland, kule New Brunswick nchini Kanada, kwenye daraja lenye paa refu kuliko yote duniani, mita 391, paa halikuwapo mwanzoni. Lilifunguliwa wazi mwaka 1901. Mwaka 1920 barafu ya mtoni iliangusha sehemu yake, na lilipotengenezwa ndipo likafunikwa, kazi iliyokamilika mwaka 1922. Inasimuliwa kwamba wapo walionung'unika kuwa kiza cha urefu ule kitaharibu maadili ya vijana. Wahasibu, naona, walishinda.

Ukishalijua hilo, kamera yako inakosa amani mbele ya mlango mwekundu. Picha ya mlango ni sawa na kumpiga mtu picha akiwa amejifunika koti la mvua hadi puani. (Na tuseme ukweli, mengi hayana hata huo wekundu: mbao zimeachwa bila rangi zikageuka kijivu cha fedha, na kwa jicho langu hayo ndiyo mazuri.) Ninachofanya siku hizi ni kuanza ndani.

Ndani, jambo la kwanza ni kuitambua kenchi, kwani kila moja ina mtindo wake wa kupigwa. Theodore Burr, fundi wa madaraja ambaye alipata hataza (haki rasmi ya uvumbuzi) ya mfumo wake mwaka 1817, aliongeza tao kubwa la mbao linaloruka kutoka ukingo hadi ukingo na kuibana kenchi. Ukiingia kwenye daraja la Burr, ambayo ni mengi Pennsylvania na Indiana, utaliona tao hilo linaanzia chini karibu na miguu yako, linapanda hadi karibu na paa katikati, kisha linashuka. Hapo lenzi pana inafaa, na usimame karibu na ukuta, si katikati ya njia, ili tao lijikunje mbele yako. Ukisimama katikati unapata handaki tu.

Ithiel Town, msanifu majengo wa Connecticut, alifikiri kinyume. Hataza yake ya mwaka 1820 iliachana na boriti nene na mafundi bingwa. Alitumia mbao za kawaida za kiwanda cha kupasulia, zimepishanishwa kwa mshazari kama wavu wa samaki, na kila zinapokutana vigingi vya mti vinapigiliwa. Kundi la maseremala wa kawaida waliweza kulijenga. Town alidai dola moja kwa kila futi ya daraja, na dola mbili kwa aliyejenga bila kumwomba. Watu wakatania kwamba daraja la Town linaweza kusukwa kwa maili na kukatwa kwa yadi. Kwa mpiga picha ni zawadi. Jua la asubuhi au la alasiri likipenya kwenye mianya ya mbao za nje, wavu wote unaanguka sakafuni kwa umbo la almasi za mwanga na kivuli. Hapa lenzi ndefu inashinda lenzi pana: inazikusanya zile almasi zikarundikana, nawe unaona urudiaji ulio siri ya nguvu yake.

William Howe, mwaka 1840, alichomeka nondo za chuma badala ya nguzo za mti, na akaweka nati za kukaza kenchi inapolegea. Kwenye picha nondo hizo ni nyembamba, hazina uso, lakini zinatangaza kwamba enzi ya mti inaaga. Sina mengi ya kusema juu ya kuzipiga. Tafuta nati yenye kutu yake, isogelee.

Tatizo kubwa la ndani ni mwanga. Mdomo wa mbali wa daraja unang'aa, ukuta ulio mbele yako uko gizani, na tofauti kati yao ni mara makumi. Ukiiachia kamera iamue yenyewe, itaridhisha mlango na kuua ukuta, au itauokoa ukuta na mlango ukaungua ukawa shimo jeupe. Mimi napiga tatu kutoka mahali pamoja, moja ya nje, moja ya ndani na moja ya katikati, nikaziunganisha nyumbani kwa mkono mwepesi, maana watu wa kuunganisha huwa wanasahau kwamba giza ni haki ya daraja hili. Mwenye simu agusie kidole kwenye mti wa ukutani, ashushe mwanga kidogo, na asijali mlango ukiungua. Dawa rahisi kuliko zote ni siku ya mawingu, au dakika zile baada ya jua kuzama, nje na ndani vinapokaribiana.

Kitu kingine hukijui mpaka kikukute: sakafu inacheza. Nilikuwa nimeweka tripodi, stendi ya kamera yenye miguu mitatu, kwenye daraja la Cornish na Windsor, linalounganisha New Hampshire na Vermont juu ya mto Connecticut, shata, kilango cha kamera kinachoingiza mwanga, iko wazi kwa sekunde nne, likaingia gari dogo upande wa pili. Sikulisikia kwanza; nililihisi miguuni. Mbao zilinyanyuka na kushuka kama mgongo wa mnyama anayevuta pumzi, na picha nzima ikawa maziwa. Hapo ndipo nilipoelewa lile bango maarufu lililo juu ya mlango wake, linaloamuru watu watembeze farasi kwa mwendo wa hatua au walipe faini ya dola mbili. Si adabu ya barabarani. Farasi wakikimbia kwa mpigo mmoja, daraja linaanza kucheza nao, na kila mtikiso unailegeza kenchi kwenye maungio yake. Tangu siku ile nasubiri gari litoke, nahesabu hadi kumi, ndipo nabonyeza.

Kwa nje, achana na mlango. Teremka mtoni, upande maji yanakoelekea, ukae chini kabisa. Kutoka huko unaona vitu vitatu ambavyo barabara haikuonyeshi: kuta za mawe zinazobeba yote, urefu halisi wa mruko, na mstari wa chini wa daraja. Utazame mstari huo. Mafundi waliujenga umepinda kidogo kwenda juu, ili uzito ukikaa unyooke. Ukiukuta umelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo, unapiga picha ya mgonjwa. Kamera iwe sawa na usiiinamishe, la sivyo kuta zitaonekana zinaanguka. Filta ya kupunguza mng'ao itakuondolea kioo cha maji ukione kitako cha nguzo. Theluji ikiwapo, ongeza mwanga kidogo kuliko kamera inavyotaka, ama sivyo theluji itatoka kijivu. Na uliza mwenye shamba kabla ya kuruka uzio wake. Kingo nyingi ni mali ya mtu.

Nisidanganye kwamba hesabu ya mbao ghali na mbao rahisi inaeleza kila daraja lenye paa duniani. Kusini mwa China, watu wa kabila la Wadong wana daraja la Chengyang, Guangxi, la mwaka 1912, na aina hiyo inaitwa daraja la upepo na mvua. Humo kuna mabenchi, watu wanakaa, wanaongea, wanauza. Fujian na Zhejiang kuna madaraja ya matao ya mbao zilizosukana, ambayo ujenzi wake UNESCO iliuweka mwaka 2009 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka; kule nyumba ya juu haikingi tu, uzito wake unayakandamiza matao yakashikana. Ukilivua paa, daraja lenyewe linalegea. Kwa hiyo huko picha isiyo na mtu aliyekaa kwenye benchi haijakamilika, wakati Vermont mtu akiingia kwenye fremu naona ananiharibia kenchi.

Paa nalo lina deni lake. Linazuia mvua, lakini linatengeneza chumba kikavu cha mbao kuukuu chenye upepo pande mbili, yaani jiko. Kapellbrücke ya Lucerne, Uswisi, daraja la karne ya 14 lenye michoro ya karne ya 17 chini ya paa, liliungua usiku mmoja wa Agosti 1993, na sehemu kubwa ya michoro ikaenda. Daraja likafunguliwa tena Aprili 1994. Daraja la Cedar, kule kule Madison, lilichomwa mwaka 2002, likajengwa upya, likachomwa tena mwaka 2017. Na maji ambayo paa haliwezi kuyazuia ni yale yanayotoka chini. Tarehe 28 Agosti 2011 kimbunga Irene kilijaza mito ya Vermont na New York. Bartonsville, daraja la Town la mwaka 1870, lilianguka mtoni zima zima huku mkazi mmoja akirekodi. Siku hiyo hiyo lilikwenda Old Blenheim, la mwaka 1855, lililoruka mita 64 bila nguzo ya kati. Yote mawili yamejengwa tena kwa mti. Mapya hayo nimeyapiga picha bila furaha nyingi. Mbao zake bado za manjano, na vumbi halijakaa kwenye maungio.

Mwezi uliopita nilimtumia mjomba picha nyingine kutoka Cornish. Haina mlango wala majani. Ni kipande cha mita mbili cha ukuta wa ndani: boriti nne za mraba zinapishana, kila moja imechongwa ili ipokee mwenzake, na kichwa cha kigingi kimetokeza, kimepigwa na nyundo mwaka 1866. Safari hii alipiga simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Sasa hilo ndilo daraja. Hebu niambie, waliyachonga matundu hayo wakiwa wananing'inia juu ya maji?"

Nikamweleza kwamba hapana. Mafundi wawili, James Tasker na Bela Fletcher, walilitandaza kwanza kwenye uwanja wa majani upande wa Windsor, wakapima na kuunganisha, wakalifumua, ndipo wakalipeleka mtoni. Lilikuwa daraja la nne pale. Matatu ya kabla yalichukuliwa na mafuriko.

"Kumbe kama sisi," akasema. "Unailaza chini kwanza. Chini ya sakafu kumekaaje? Nipigie boriti za chini, nione walivyozikalisha kwenye mawe."

Nilimwahidi, ila bado. Theluji inayeyuka na mto umejaa hadi kwenye vichaka.